Chini ya Mstari

12 Januari

Dada,

Shikamoo, na shikamoo nyingine ya Mama, umfikishie ikiwa bado ya moto. Mimi mzima, meno yote, nywele zimeanza kuondoka bila kuaga. Mwambie Mama nimehamia chumba chenye madirisha mawili. Moja linatazama ukuta, la pili linatazama kiyoyozi cha jirani. Mwambie nakula, hata kama hajauliza, maana atauliza. Sweta aliyonifumia naivaa ofisini kila siku, kule wanawasha baridi kama wanahifadhi samaki. Na mwambie nimepewa ukubwa kidogo kazini, asitangaze mtaani.

______

Haya, tuko chini ya mstari. Hapa unakohoa, unakunja karatasi, unamwambia imeisha. Tangu macho ya Mama yagome kusoma, na yeye akatae ujumbe wa simu kwa sababu haukunjiki wala hauwekeki chini ya mto, na simu moja ya nyumba husikilizwa mbele yake, mstari huu ndio chumba pekee mimi na wewe tulichobaki nacho.

Ukubwa wenyewe ndio huu. Ile kampuni ya bima yenye mwavuli mwekundu inataka tovuti mpya, na meneja ameniweka mimi mbele. Mimi, niliyejifunza kazi hii kwa kutazama video za watu wasiojua kama nipo duniani. Inatakiwa iwe hewani mwanzoni mwa Mei.

La pili ni kubwa zaidi. Yule mhariri niliyempelekea sura tatu za riwaya amejibu. Anaitaka yote, mwisho wa Juni. Anasema kuna sauti ya mwanamke mle ndani iliyomfanya aache chai yake ipoe. Barua hiyo niliisomea chooni, kwa sababu ndiko mahali pekee ofisini ambako meneja hapiti nyuma yako.

Kazini hawajui lolote. Meneja anaamini kichwa cha mtu ni tangi, ukichota kwenda nje, ndani kunapungua. Kuna mwenzetu aligundulika anapiga gitaa kwenye harusi za watu Jumamosi. Akaulizwa mbele ya kikao kizima kama bado yuko nasi.

Lakini nimepata ujanja. Tukijenga ukurasa, mteja huwa hajaleta maneno yake bado, kwa hiyo unajaza maneno yoyote ili uone yanavyokaa. Wenzangu hujaza takataka isiyo na maana. Mimi najaza riwaya. Meneja akipita anaona mwavuli mwekundu na aya zilizonyooka, ananipiga bega. Hajui kwamba ndani ya hizo aya watu wanagombana.

Sasa nipe habari za huko shule ya udereva. Tajiri yenu bado ana magari manne na bado anataka aitwe Mkurugenzi? Usifupishe. Barua zako ndizo kitu pekee ninachosoma ambacho hakina alama nyekundu za makosa pembeni.

Mdogo wako,
Kiroboto

______

2 Februari

Kiroboto,

Marahaba. Mama anasema madirisha mawili ya kutazama ukuta na kiyoyozi ni mabaya kuliko dirisha moja la kutazama watu. Anasema sweta ifuliwe kwa maji baridi, na kwamba ukubwa kazini ni mzuri ila usikufanye uongee na watu huku umetazama juu. Paa tumeziba. Goti lake linapanda ngazi likilalamika, lakini linapanda. Jirani wa chini amenunua kasuku, na kasuku ameshajifunza kikohozi cha Mama.

______

Nimekohoa, kasuku akaitikia. Mama ameniuliza mbona barua imeisha na karatasi bado nzito. Nikamwambia mwandiko wako mkubwa.

Nina mwanafunzi mpya, daktari wa meno. Anashika usukani kama taya la mgonjwa, kwa upole, huku akikuahidi haitauma. Kila gari linalompita analiomba radhi. Jana alirudi nyuma akagusa ukuta, akashuka, na kitu cha kwanza alichokagua ni ukuta. Huyu atachelewa kufaulu lakini hataua mtu.

Kuna wengine sasa. Mkurugenzi ameongeza gari la tano. Halina injini. Limekaa uani juu ya matofali. Mwanafunzi anaingia, anakanyaga klachi, anabadili gia, anageuza usukani wa gari lisilokwenda popote. Baada ya wiki anapewa cheti kwamba ameendesha barabarani saa zote zinazotakiwa, anakwenda nacho ofisi ya leseni. Na cheti kinataka sahihi ya mwalimu. Juzi nilikuta bunda la vyeti mezani, vyote vina sahihi yangu. Sikutia mimi. Sahihi yangu imejifunza kutembea peke yake.

Nikamuuliza. Akasema, "Mwalimu, wewe ni mtu wa barabara. Karatasi niachie mimi."

Usimwambie mtu. Nakuambia wewe kwa kuwa uko mbali, na kwa kuwa tangu utoto ni mtu wa kumeza vitu: vifungo, sarafu, siri.

Hao wa mwavuli mwekundu ndio wanaokata bima ya magari yetu. Mkurugenzi huwatukana kila mwaka, na kila mwaka anarudi kwao.

Nitumie riwaya nisome. Hata ukurasa mmoja. Nataka kumwona huyo mwanamke aliyepoza chai ya watu.

Dada yako

______

20 Machi

Dada,

Nakusalimu kwa aibu ya kuchelewa. Mwambie Mama sikuwa mgonjwa wala sijaoa. Sweta naifua kwa maji baridi, na nikiongea na watu natazama viatu vyao. Kasuku wa jirani mpeni salamu, mwambieni ajifunze na wimbo.

______

Siku zangu ziko hivi. Asubuhi tunasimama kikao. Tunasimama ili kiwe kifupi, na kila siku tunasimama mpaka miguu inakufa ganzi. Mteja amebadilisha wekundu wa mwavuli kwa mara nyingine. Ameona unafanana na damu, na kwa watu wa bima hiyo si picha nzuri. Kila ukurasa ufunguke vizuri kwenye simu ya kila aina, hata zile ambazo nina hakika wenyewe wameshazizika. Nikitoka hapo kichwa changu ni kitambaa kilichokamuliwa. Naketi kwenye riwaya, naandika sentensi, naitazama, naiona imekaa kama maelekezo ya pasi. Kisha mhariri anaandika kuuliza sura zinaendeleaje, na ninamjibu zinaendelea.

Wiki iliyopita meneja alituuliza, mmoja mmoja, kama kuna mwenye shughuli nyingine nje. Alipofika kwangu nikasema nina mama mwenye goti. Akaandika.

Riwaya haijawa tayari kusomwa na mtu wa nyumbani. Nitakutumia ikikomaa.

Ila nieleze vizuri ile siku ya vyeti. Mkurugenzi alikuwa amekaa au amesimama? Alivaa shati gani? Wewe ulimjibu nini, kwa maneno yenyewe? Na baada ya hapo je?

Kiroboto

______

14 Aprili

Kiroboto,

Marahaba. Mama amefurahi hujaoa, kisha akakasirika hujaoa. Goti liko vilevile. Kasuku amekataa wimbo, anakohoa tu.

______

Unauliza kama askari wa trafiki. Lakini haya.

Alikuwa amekaa. Shati la mikono mifupi, la bluu, kalamu tatu mfukoni, na kati ya hizo inayoandika ni moja. Nilimwambia, "Mkurugenzi, hawa watu wataingia barabarani."

Akasema, "Kila mtu anaingia barabarani, Mwalimu. Hata kuku."

Nikamwambia nikiliona jina langu tena kwenye cheti cha mtu nisiyemfundisha, nitaondoka. Akacheka, kicheko cha mtu anayejua nyumbani kwako kuna mama mwenye goti. Kesho yake nikakuta gari langu limewekewa vitambaa vipya vya viti. Vya manyoya. Daktari wa meno aliketi akasema anajisikia kama amekalia mgonjwa.

Tangu siku hiyo nikipita karibu na lile gari la uani na kumwona mtu ndani anageuza usukani, natazama pembeni. Natazama pembeni vizuri sana, nimekuwa hodari. Sitaki kuandika zaidi ya hapo.

Nimeona kitu kimoja. Nikikuuliza riwaya, unaniuliza shati.

Dada yako

______

9 Mei

Kiroboto,

Mama hajambo. Hiyo ndiyo sehemu yake.

______

Jumanne nilikuwa na daktari wa meno. Tulisimama pembeni ya barabara apumzike, maana alikuwa amepitwa na lori na alitaka kuliomba radhi kwa kirefu. Anatafuta bima ya gari atakalonunua, akafungua simu.

"Mwalimu," akasema, "hawa mwavuli mwekundu siku hizi wanaandika vizuri."

"Wanaandika nini?"

"Kuna maoni ya mteja wao hapa. Sikiliza. 'Nina mwanafunzi mpya, daktari wa meno. Anashika usukani kama taya la mgonjwa.'" Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akaitazama mikono yake. "Mwalimu. Mimi nashika hivi?"

"Endelea kusoma," nikasema.

Akaendelea. Ukuta. Gari la uani. Matofali. Mkurugenzi na karatasi zake. Sahihi iliyojifunza kutembea peke yake. Alisoma polepole, kama anavyoendesha, na kila nilipoweka mkato nilimsikia anavuta pumzi palepale. Hukusogeza hata nukta. Juu pameandikwa "Wateja Wetu Wanasemaje", pana nyota tano za njano, na pembeni pana picha ya mwanamke anayecheka ambaye sijamwona maishani mwangu.

Alipomaliza aliiweka simu mfukoni, akafunga mkanda wake upya ingawa haukuwa umefunguka. Akasema, "Mimi sijaona kitu. Lakini mimi ni mtu mmoja."

Mchana tuliitwa walimu wote. Mkurugenzi alikuwa amekwenda kukata bima kwenye tovuti hiyohiyo. Alikuwa ameichapa karatasini, akasoma kwa sauti mpaka penye gari la uani, akaikunja. Hakuuliza ni nani. Hakuna mwalimu mwingine mwenye daktari wa meno.

Anataka niandike kwa mkono wangu kwamba ni uongo mtupu. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Nisipoandika, nimefukuzwa, na ataipelekea ofisi ya leseni vile vyeti vyote vyenye sahihi yangu na kusema niliviuza mimi. Zinafanana na zangu, Kiroboto. Hata mimi zimenishangaza. Wakimwamini, sifundishi tena mahali popote, na hii ndiyo kazi ninayoijua.

Sikuulizi ilifikaje huko. Utanieleza mambo ya seva. Nakuuliza moja tu: yule mwanamke aliyepoza chai ya mhariri ni nani?

______

16 Mei

Dada,

Shikamoo. Leo sina la juu ya mstari. Mwambie Mama nakula.

______

Ni wewe.

Nimekaa siku tatu nikitafuta namna ya kuweka maneno mengine mbele ya hayo, na hakuna.

Ilianza kwa aya moja, barua yako ya mwaka juzi kuhusu yule mwanafunzi aliyekuwa anafumba macho kwenye kona. Niliichapa kwenye ukurasa wa majaribio kwa kuwa nilikuwa nimechoka na ilikuwa karibu. Nikaiona imekaa vizuri kuliko chochote nilichoandika mwaka huo. Nikaiingiza kwenye riwaya kwa muda tu, mpaka nipate ya kwangu. Kisha ya pili. Mhariri anaponisifia, anakusifia wewe. Za kwangu mwenyewe huziwekea alama ya kuuliza pembeni.

Na ilivyofika hewani ni hivi, hata kama hukuuliza. Maoni ya wateja yako kwenye kadi zinazozunguka, moja inaondoka, nyingine inakuja. Nilibadilisha ya kwanza na ya pili. Ya tatu haionekani mpaka usubiri, na siku ya kwenda hewani hakuna aliyesubiri. Niliitoa mara tu watu wa bima walipopiga simu. Ofisini nilisema ni hitilafu ya seva, wakanipa pole.

Lakini usiogope, nimelishughulikia. Nimemwandikia Mkurugenzi, kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni yetu, kwamba yote ni ubunifu wangu: gari, vyeti, daktari, vyote. Kwamba mimi ni mwandishi wa riwaya, na wewe hujawahi kuniambia lolote kuhusu shule yake. Nimeituma kwa mwendo wa haraka. Akiisoma hatakuwa na sababu ya kukugusa, na wewe hutalazimika kuandika uongo. Nimeuandika mimi.

Ni mara yangu ya kwanza kutia sahihi chini ya neno mwandishi.

Kiroboto

______

17 Mei

Kiroboto,

Mama anauliza kwa nini naandika kabla ya barua yako kufika. Nimemwambia stempu zimeshuka bei.

______

Sijangoja jibu lako. Nalijua.

Jana nilikwenda ofisi ya leseni. Daktari wa meno ndiye aliyeendesha, nikamhesabia kama somo. Nilifika dirishani, yule dada wa dirishani akasema, "Fomu gani?" Nikamwambia sina fomu, nina habari. Akaniita ndani kwa afisa.

Nilimweleza yote, na gari lisilo na injini nikamchorea. Nikamwambia hata niliyoyafumbia macho, nikitazama pembeni, ni yangu kuyajibu. Akanisikiliza, kisha akafungua droo, akatoa ile karatasi ya kwenye tovuti. Wameshaipata, sijui kwa nani. Akaniuliza, "Haya yameandikwa na nani?"

Nikasema, "Mimi."

Nilitoka pale nikaingia garini upande wa mwanafunzi, daktari akaniuliza kama nataka yeye ndiye anifundishe leo.

Wataichunguza shule. Mkurugenzi hajui bado. Sasa sikiliza vizuri, mdogo wangu, maana nakujua na mikono yako. Usimwandikie Mkurugenzi. Usimwandikie mtu yeyote. Usitengeneze kitu. Wanachokishika sasa ni neno langu, na neno langu halina kingine cha kuegemea.

Dada yako

______

30 Mei

Kiroboto,

Mama hajambo bado.

______

Barua yako kwa Mkurugenzi ilimfikia kabla ile uliyoniandikia mimi haijanifikia. Yake uliilipia mwendo wa haraka. Yangu uliibandika stempu ya kawaida.

Ameipeleka ofisi ya leseni, na nembo yake. Afisa alinisomea mwenyewe: "Yote ni ubunifu wangu." Hakupandisha sauti. Aliniuliza tu kwa nini nilimwambia nimeandika mimi, wakati ndugu yangu wa damu ameandika na kutia sahihi kwamba amebuni yeye. Sikuwa na la kusema ambalo halikufanyi mwizi. Nikanyamaza, na kunyamaza kule kumeandikwa.

Nimesimamishwa kazi. Vyeti vyote viko mezani kwao na sahihi zote sasa ni zangu. Watakaa tarehe 21 Juni kuamua kama ninyang'anywe leseni ya kufundisha. Shahidi mkubwa wa Mkurugenzi ni wewe.

Mama nimemwambia niko likizo. Hakuuliza ya siku ngapi, na hiyo imenitisha kuliko afisa.

______

6 Juni

Dada,

Shikamoo yako na ya Mama. Naileta mwenyewe. Nitafika tarehe 20, nitalala nyumbani ikiwa mlango utafunguliwa, na tarehe 21 nitakuwa pale mbele yao. Ikiwa hutaki nilale nyumbani, nitaelewa. Wa ofisi ya leseni nimeshawaandikia kwamba ile barua ni ya uongo na kwamba nitayasema hayo kwa mdomo wangu.

______

Nimemwambia meneja. Nilidhani nitalizunguka kidogo lakini likatoka lote kwa mara moja, seva haikuwa na hitilafu, ni mimi.

"Kwa hiyo ulikuwa unaandika riwaya kwa saa zetu," akasema.

"Ndiyo."

"Ndani ya kurasa za mteja."

"Ndiyo."

Akaitazama dari, akatafuta jambo la kujipa nafuu. "Basi angalau unaandika vizuri. Ile niliisoma mpaka mwisho."

"Ile si yangu," nikasema. "Ni ya dada yangu."

Hapo ndipo alipokasirika kweli.

Hajanifukuza. Amenitoa kwenye kazi ya bima, na sasa nabadilisha namba za simu na saa za kufungua kwenye tovuti za watu. Natoka kazini jua bado liko juu. Nilikuwa nikiomba hilo kwa miaka, nipate jioni zangu niandike. Nimezipata. Naketi mezani, natazama kiyoyozi cha jirani.

Mhariri nilimpigia simu. Nikamwambia zile kurasa lazima zitoke. Akauliza zipi. Nikazitaja moja moja, akawa anasema mm, mm, na nikasikia anafunua karatasi. Nilipomaliza nikasikia anazigonga mezani kuzinyoosha.

"Zikitoka hizo," akasema, "kinachobaki si kitabu."

Nikamwambia najua. Akauliza hizo kurasa ni za nani. Nikamwambia si mimi wa kulisema hilo bila ruhusa. Nimefanya jambo moja sawa mwaka huu, nimeona nikuandikie ulijue.

Kiroboto

______

3 Julai

Kiroboto,

Marahaba ya safari hii na ya zile salamu tulizorushiana mlangoni kama watu wanaopishana kwenye basi. Ulilala nyumbani usiku mmoja, tukakaa sebuleni na Mama tukazungumzia kiyoyozi cha jirani yako, asubuhi tukaenda, ukasema, ukawahi basi la kurudi. Kwa hiyo hujui yaliyofuata.

Afisa alipokuuliza ni sehemu gani hasa uliyobuni, ukasema hata nukta, mimi nilikuwa namtazama Mkurugenzi. Alitoa kalamu mfukoni, akajaribu kuandika. Ilikuwa moja ya zile mbili zisizoandika.

Ulipoondoka walinipa karatasi nyeupe, nikaambiwa nitie sahihi mara nyingi, haraka, polepole, nimesimama, nimekaa. Wameziweka pembeni ya zile za kwenye vyeti na kuzipeleka kwa mtu anayejua mambo hayo. Majibu bado. Kwa hiyo leseni yangu hawajaninyang'anya, wameishikilia. Kila asubuhi navaa viatu vya kazi, nakumbuka, navivua.

Shule imefungwa wakati wanachunguza. Juzi walikuja kulichukua lile gari la uani. Walilishusha kwenye matofali, wakalifunga kamba, wakaliburuta mpaka barabarani. Watu walitoka madukani kutazama. Daktari wa meno, aliyefaulu hatimaye, alikuwa akipita na gari lake jipya, mke wake pembeni ameshika mkanda kwa mikono miwili, akasimama lipite. Akaliomba radhi.

Umeniandikia mara mbili tangu urudi, kuniuliza kama nimekusamehe. Sijajua. Nikijua utakuwa wa pili kuambiwa. Nina hasira nawe nikiwa napiga deki, zikiisha inaingia barua yako nasahau kuwa ninazo, halafu nakumbuka zile nyota tano. Usiniharakishe.

Utakuwa umeona barua hii haina mstari. Baada ya wewe kuondoka nilikaa na Mama, nikachukua barua zako zote za mwaka huu, nikamsomea tangu Januari mpaka Juni, juu na chini. Na zangu nilizokuandikia nikamsimulia nilivyozikumbuka. Nilidhani atalia, au goti litamshika. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema alijua siku zote kuna kitu chini. Nikamuuliza amejuaje, na haoni.

"Ukikohoa," akasema, "karatasi huikunji. Sauti inanyamaza, lakini karatasi inaendelea kufunuliwa."

Miaka yote hiyo, Kiroboto. Alikuwa anakaa pale kitini anatusikiliza tukimficha, akasubiri tumalize.

Anasema hivi, na naandika kama alivyotamka: mwambie sweta aliyoivaa alipokuja nimeishika, imesinyaa, aache kunidanganya, anatumia maji ya moto. Na mwambie dada yake anaandika vizuri kuliko yeye, lakini yeye anasafiri vizuri kuliko dada yake, kwa hiyo aje tena, na safari hii asikimbilie basi.

Ya kwangu ni hii tu. Mambo niliyokuwa nikikuandikia wewe chini ya mstari, sasa nayaandika, lakini sikuandikii wewe. Asubuhi, baada ya kuvua viatu vya kazi. Yamekuwa mengi kidogo.

Nitumie anwani ya yule mhariri. Bandika stempu ya kawaida tu, sina haraka.

Dada yako